Punda Akianguka Njiani, Tumwambie Nani?

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Gitothua)



Mliposikia nitazungumza juu ya mifugo, najua baadhi yenu mlifikiri naleta habari ya mbuzi wa maziwa au ya bei ya chakula cha kuku. Hiyo ni kazi ya afisa wa mifugo, naye anaijua kuliko mimi. Mimi nimekuja na jambo ambalo katika mikutano yetu hatulitaji. Mtu akishindwa na mnyama wake, afanye nini? Na jirani akiona mnyama wa mwenzake anateseka, anyamaze au aseme?

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Wakati wa ukame wa mwaka 2022 maji yalikuwa shida, na wenye mikokoteni ya punda walikuwa na kazi mchana kutwa. Kulikuwa na punda mmoja niliyekutana naye karibu mara tatu kwa wiki nikija huku. Mwenyewe ni mtu wetu, mwanachama wa kikundi, na jumuiya yake ninaijua. Siku ya kwanza nilimwona punda ana kidonda kidogo begani, pale kamba inapopita. Nikasema moyoni, kitapona. Baada ya wiki mbili kidonda kilikuwa kama kiganja cha mkono na kimepakwa oili chafu ya gari. Nikasema moyoni, nikimwambia ataona namdharau, na tena atadhani nimetumwa na padri. Nikamsalimu, nikapita.

Mwezi haukuisha, punda akaanguka barabarani. Mkokoteni ulikuwa na mitungi 12 ya lita 20. Hesabuni wenyewe: hizo ni kilo 240 za maji peke yake, mkokoteni bado. Watu wakajaa. Mmoja anasema apigwe atainuka, mwingine anasema amwagiwe maji kichwani, vijana wanapiga picha. Mimi nilikuwa na simu mkononi na sikujua nimpigie nani. Miaka yote hii ya kufundisha vikundi, sikuwa na hata namba moja ya daktari wa mifugo! Jioni punda akafa.

Nilipokwenda kumpa pole yule baba, aliniuliza neno moja. Alisema, wewe ulikuwa unapita hapa kila siku, ulikuwa unamwona. Mbona hukuniambia?

Sikuwa na jibu. Punda yule ndiye aliyekuwa akilipa kodi ya nyumba na karo ya watoto wawili, na mkopo wa kikundi ulikuwa haujaisha. Mimi niliona kidonda cha punda, lakini sikuona kwamba nyuma ya kidonda kuna nyumba nzima inayoanguka polepole.

Wazee wetu wa Kiswahili walisema afadhali punda afe mzigo ufike. Mimi nimeuona mzigo huo. Punda alikufa na mzigo haukufika. Maji yalibaki barabarani, watu wakaja na beseni zao wakayagawana.

Sasa tuangalie kwa nini tunanyamaza. Mwenye mnyama ananyamaza kwa sababu anaogopa kushikwa. Na kweli sheria ipo. Inaitwa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nayo ilitungwa tangu miaka ya 1960. Inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita nguvu zake, kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana kidonda, kumnyima chakula na maji. Na hapa sikilizeni vizuri, kwa maana wengi hawajui: inakataza pia kumtupa mnyama ateseke huko alikotupwa. Adhabu iliyokuwa ikijulikana kwa miaka mingi ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kwa hiyo yule anayefungua kamba usiku na kumfukuza punda mgonjwa kuelekea barabara kuu, akifikiri amejiondolea taabu, huyo amejiingiza katika kosa jingine. Tena anaweza kuua watu. Punda katikati ya lami saa mbili za usiku, na matatu inakuja kwa kasi!

Lakini mtu anayekwenda mwenyewe kwa afisa na kusema, mnyama wangu amenishinda, nisaidieni, huyo ametafuta msaada. Hana sababu ya kujificha.

Jirani naye ananyamaza kwa sababu hataki kuitwa mchongezi. Nimefikiri sana juu ya hili, nikarudi katika Biblia. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinasema juu ya punda ameanguka chini ya mzigo wake, na mwenye punda huyo ni mtu anayekuchukia. Hata huyo tunaamriwa tusimpite, tumsaidie kumwinua punda. Basi kama adui napaswa kumsaidia, itakuwaje mtu wa jumuiya yangu? Tena angalieni, amri haisemi nenda ukamsemee. Inasema msaidie. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuambiwa ni mwenye mnyama mwenyewe, kwa upole, faraganani, bila kumkusanyia watu. Mara nyingi hajui kidonda kile kinatibika, au anajua na hana pesa, na anaona haya kusema. Kama ni mzee kuliko wewe, tafuta wa rika lake aende. Kijana hawezi kumfundisha mzee juu ya ng'ombe wake mbele ya watoto wake, hata kama kijana ana haki.

Akikataa, au akikutukana, na mnyama anazidi kuumia, hapo hatunyamazi. Pigeni ripoti ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo hapa Ruiru. Msifikiri mnaomba hisani. Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti kazi ya ustawi wa wanyama, pamoja na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika. Ikiwa ofisini mtaambiwa rudini kesho, na mimi nimewahi kuambiwa hivyo, ulizeni jina la anayewaambia na mwandike siku na saa. Kama ni ukatili wa wazi, mtu anapiga mnyama aliyelala, hapo ni chifu au polisi.

Kuna pia chama cha KSPCA, ambacho makao yake yako barabara ya Lang'ata huko Karen. Chama hicho kilianza mwaka 1910, na huokoa wanyama wa aina zote, mbwa, paka, punda, hata ng'ombe. Wengi hapa mnadhani ni chama cha mbwa wa matajiri. Sivyo. Unapotoa habari kwao au kwa ofisi yoyote, usiseme tu kuna punda anateseka Gitothua. Gitothua ni kubwa. Sema yuko karibu na kanisa gani, duka gani, kama amesimama au amelala, tangu saa ngapi, kama anakula, kama kuna damu, na kama mwenyewe yupo. Mtu mmoja abaki na mnyama mpaka wafike.

Na kumkabidhi kabisa je? Yaani kusema, mchukueni, siwezi tena. Hapa nataka niwaeleze ukweli ili msije mkasema mlidanganywa. Makao ya kuokoa wanyama hayanunui. Kwa kawaida utatia sahihi kwamba mnyama si wako tena, na baada ya hapo wao ndio wanaoamua: atibiwe, atafutiwe boma jingine, au kama hakuna tumaini, alazwe kwa sindano asiendelee kuteseka. Hutaweza kurudi baada ya mwezi ukasema nimepata nyasi, nirudishieni. Tena msifikiri kuna boma kubwa linalongoja kila punda wa Kiambu. Huko Uingereza liko shirika la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa mwaka 1969 na mama mmoja, Elisabeth Svendsen, na lina mashamba ya kuwaweka punda waliokosa wenyewe. Huku kwetu kazi kubwa ya mashirika ya punda ni kumtibu punda akiwa kwa mwenyewe na kumfundisha mwenyewe kufunga kamba vizuri. Kwa hiyo kukabidhi ni mlango wa mwisho. Lakini ni mlango uliopo, na ni afadhali kuliko ule wa broka.

Huyo broka mnamjua. Akisikia una mnyama mgonjwa atakuja kabla ya daktari, na atakuja usiku. Mwaka 2012 punda alihesabiwa kati ya wanyama wanaoruhusiwa kuchinjwa hapa Kenya, na kuanzia 2016 machinjio ya punda yakafunguliwa, ngozi zikienda China kutengenezewa dawa. Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, na huzaa mtoto mmoja, basi wangezaliwa wa kutosha kutoka wapi? Wizi ukaenea, watu wakaamka asubuhi wanakuta kichwa na kwato tu. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kukataza punda kuchinjwa kwa ajili ya ngozi. Lakini broka wa kichinichini hasomi maazimio. Na mnyama mgonjwa unayemuuzia, awe punda au ng'ombe aliyechomwa sindano jana, nyama yake itarudi hapa hapa katika sufuria zetu.

Neno juu ya ng'ombe, maana akina mama wengi hapa mna ng'ombe wa gredi waliotokana na mkopo wa kikundi. Ng'ombe mwenye maziwa mengi akizaa, halafu siku hiyo au siku mbili baadaye akalala na kukataa kuinuka, shingo ameikunja ubavuni, masikio baridi, usiseme amerogwa wala usimpige. Mara nyingi ni upungufu wa kalsiamu. Daktari akifika mapema humtia dawa kwenye mshipa, na wengi huinuka siku hiyo hiyo. Ukingoja mpaka kesho kutwa, uzito wake mwenyewe unaua misuli ya miguu, na hapo hata dawa ikija haisaidii. Mnapomngoja daktari, mwekeeni nyasi kavu chini, mgeuzeni upande kila baada ya saa chache, na msimmiminie dawa mdomoni kwa chupa, itaingia mapafuni. Na ng'ombe anayetoa mate mengi na kulia kwa sauti ya ajabu, msitie mkono mdomoni kutafuta kilichomkwama. Huenda ni kichaa cha mbwa. Akifa ghafla na damu inatoka puani na nyuma, msimpasue. Huenda ni kimeta. Mwiteni afisa, kwa sababu kutoa habari za ugonjwa kama huo ni sheria.

Juzi katika kikundi kimoja baba mmoja aliniuliza, mwalimu, mimi nina mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya karo, unataka nitafute pesa ya kutibu punda? Ni swali la haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inasema ni kinyume cha heshima ya mwanadamu kuwatesa wanyama bila sababu. Hapo hapo inasema pia haifai kutumia kwa wanyama pesa ambayo ingepasa kwanza kuondoa taabu ya watu. Yote mawili yako katika namba moja. Basi nilimjibu, karo kwanza. Lakini kama huwezi kumlisha wala kumtibu, mtoe sasa angali amesimama, akiwa bado na bei kwa jirani mwenye nyasi. Huyo anayengoja mpaka mnyama alale ndiye atakayepoteza punda na karo pamoja.

Na tukubali kwamba hapa kwetu mambo yamebadilika. Wengine wenu mnakumbuka Ruiru ya mashamba ya kahawa, ukikata nyasi kando ya shamba hakuna anayekuuliza. Tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe na kumalizika mwaka 2012, mashamba mengi yamekatwa ploti. Mtu ana futi 50 kwa 100, nyumba ya kupangisha mbele, ng'ombe wawili nyuma, na nyasi za kununua. Kupunguza kutoka ng'ombe wawili hadi mmoja si kushindwa maisha. Ningependa vikundi viseme hivyo waziwazi, kwa sababu mama mmoja aliniambia alijua ng'ombe wake anakonda, lakini aliogopa kumuuza mapema kwa kuwa kikundi kingesema amekula mkopo. Hiyo ni kanuni yetu mbaya, tumeiandika wenyewe, na tunaweza kuifuta. Andikeni kwamba mwanachama akishindwa na mnyama wa mkopo, aseme, na kikundi kikae naye kipange upya malipo.

Tena wekeni mfuko mdogo wa mifugo. Kikundi cha watu 25, kila mmoja akitoa shilingi 20 kila wiki, ni shilingi 2,000 kwa wiki nne. Haitanunua ng'ombe. Lakini daktari akiitwa usiku, hamtaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba mkiomba nauli yake.

Yule baba wa punda bado ni mwanachama. Siku hizi anasukuma mkokoteni kwa mikono yake, mitungi sita kwa safari.

Makatibu, msiondoke kabla hamjaandika namba ya daktari wa mifugo, ile ya ofisi ya kaunti ndogo na ile ya KSPCA. Nimezibandika hapo mlangoni. Namwona mama mmoja huko nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja broka. Karibu, mama.