Maneno ya Mapenzi Waitwayo Watoto kwa Kiingereza
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Sisi makarani twashinda kutwa tukiandika Kiingereza, walakini Kiingereza chetu ni cha vitabuni na cha majalada. Humo mtoto ni "child" tu. Waingereza nyumbani mwao hawasemi hivyo sikuzote, maana kila lugha ina maneno ya barazani na maneno ya jikoni. Twapenda kuyatazama machache ya hayo ya jikoni, kwa kuwa asiyeyajua huweza kumwudhi mtu bila kukusudia.

Lililoenea kupita yote ni "kid". Maana yake ya asili ni mwana-mbuzi, nalo lililetwa na watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza tangu karne ya 9. Mwishoni mwa karne ya 16 watu wa mitaani walianza kumwita hivyo mtoto wa mtu, na sasa hata wakubwa hulitamka kwa upendo. Lakini neno hilo hilo limo ndani ya "kidnap", yaani kuiba mtu, lililozuka katika karne ya 17, vijana walipokuwa wakinyakuliwa na kupelekwa kufanya kazi mashambani Marekani. Basi neno la mapenzi na neno la uovu hutoka shina moja.

Waskoti, pamoja na Waingereza wa kaskazini, husema "bairn", neno la kale sana litokanalo na kuzaa. "Toddler" ni mtoto anayekwenda tata. "Poppet" asili yake ni mwana-sesere, na "lamb" ni mwana-kondoo. Yote mawili ni ya kubembeleza. Lakini "urchin", ambalo zamani lilikuwa jina la kalunguyeye, ni mtoto mtukutu mwenye matambara, na "brat" ni tusi kabisa.

Kwetu pia ndivyo. "Kitoto" huweza kuwa huruma au dharau, kwa kadiri ya sauti ya msemaji. Tena mama wa Kiswahili humwita mwanawe mchanga "baba", na bintiye "mama", akimpa mdogo heshima ya mkubwa.

Kinyume cha desturi hiyo ni habari ya "boy". Mama wa Kiingereza akimwita mwanawe hivyo ni mapenzi. Lakini siku za utawala wa Waingereza, uliokoma Tanganyika mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, mtu mwenye mvi na wajukuu aliitwa vivyo hivyo na bwana wake, na hapo alinyang'anywa umri wake. Kiswahili kikalipokea neno hilo, "boi", kwa maana ya mtumishi wa nyumbani.

Ndugu wanachama, tusiwalaumu wageni peke yao. Wao wamekwenda zao, na neno tumebaki nalo. Mtu mzima mwenye mke na watoto twamwita "hausiboi", na mama wa watu twamwita "hausigeli", na watoto wetu wanatusikia.

Kwa hiyo yatupasa mambo matatu. Kwanza, katika barua ya serikali tuandike "child", au "son", au "daughter". Baba anayeomba ruhusa kwa kuwa mwanawe ni mgonjwa asiandikiwe "kid", hata kama yeye mwenyewe husema hivyo nyumbani. Pili, katika mazungumzo tusimwite mtoto wa mwenzetu kwa neno la mzaha kabla hatujamsikia mzazi wake akilitumia. Tatu, tarishi wa ofisini na mtumishi wa nyumbani waitwe kwa majina yao, na aliyetuzidi umri aitwe Mzee au Mama.

Wahenga walisema: Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.