Saa ya Sufuria: Ukaguzi wa Majiko ya Bweni Wilayani Rungwe

Katika mji wa Tukuyu na vijiji vinavyouzunguka, zipo nyumba za aina mbalimbali ambamo watu wengi wasio ndugu hulala pamoja na kula kutoka jiko moja: shule za bweni, vyuo vya ualimu kama kile cha Tukuyu na kile cha Mpuguso, na makao ya watoto. Majiko ya nyumba hizi, ambayo hapa yataitwa kwa ujumla majiko ya bweni, hutofautiana na jiko la mgahawa kwa jambo moja kubwa. Mteja wa mgahawa anayeletewa wali uliochacha huisukuma sahani, huondoka na kuwasimulia wenzake, ilhali mwanafunzi wa bweni hula kilichopakuliwa au hulala na njaa. Soko, ambalo kwa mgahawa ni mkaguzi wa kila siku, katika bweni halipo kabisa, na kazi yake yote humwangukia afisa afya.

Maisha ya vijana kulala mbali na wazazi si mageni Rungwe, wala hayakuletwa na shule. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake kuhusu vijiji vya rika mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa umri mmoja walivyojenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao na kulala huko, lakini wakarudi kula kwa mama zao, wakiongozana kwa kundi kutoka nyumba ya mama mmoja hadi ya mwingine. Kwa macho ya mtaalamu wa usalama wa chakula, mpango huo ulikuwa na faida ambayo pengine hakuna aliyeikusudia: malazi yalikuwa ya pamoja, lakini mapishi yalibaki katika vyungu vingi vidogo, na chungu kimoja kilichoharibika kiliwaumiza wachache. Shule ya bweni iliunganisha malazi na mapishi, na tangu hapo kosa la mpishi mmoja linaweza kulaza bweni zima kwa usiku mmoja.

Kisheria, jiko la bweni lina wenyewe wengi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 humpa afisa afya mamlaka ya kuingia na kukagua, na kutoa notisi, yaani amri ya maandishi ya kurekebisha kasoro. Sheria ya Mtoto ya mwaka huohuo huyataka makao ya watoto yawe na leseni, na kwa njia hiyo humleta jikoni afisa ustawi wa jamii. Shuleni hufika pia mthibiti ubora, ambaye zamani aliitwa mkaguzi wa shule. Udhibiti wa usalama wa chakula kitaifa nao ulihamishwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango, TBS. Wageni hao wote wanaweza kupita katika jiko moja ndani ya mwaka mmoja, kila mmoja na fomu yake, na bado mwenye utaalamu wa kinachotokea ndani ya sufuria akawa ni mmoja tu, yule ambaye wananchi wanaendelea kumwita bwana afya hata pale ambapo aliye mlangoni ni mwanamke.

Bwana afya huyo akifika hutazama mambo yanayotazamika. Huangalia kama sakafu inasafishika, kama moshi una pa kutokea, kama vyombo vinaanikwa kwenye kichanja badala ya kupangwa chini, kama shimo la taka liko mbali, kama wapishi wamevaa makoti na vilemba, kama nje ya choo kuna maji na sabuni, hata kama ni kwa kibuyu chirizi, lile dumu dogo linaloinamishwa kwa kamba na kijiti cha kukanyaga. Huomba pia vyeti vya afya vya wapishi, ambao hutakiwa kupimwa kila baada ya miezi 6. Hakuna hata moja kati ya hayo lisilo na maana. Ila yote ni mambo ya mahali na ya siku ile, na mengi yanaweza kutengenezwa asubuhi ya ukaguzi kwa chokaa, ufagio na sare zilizotolewa sandukuni, ilhali hatari iliyo kubwa katika jiko la watu wengi haiko ukutani bali iko katika saa, yaani muda unaopita kati ya chakula kuiva na chakula kuliwa.

Mfano ulio karibu ni maharage. Tukuyu iko mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa huko ni nyepesi kuliko pwani, maji huchemka yanapofika nyuzi joto 95 hivi badala ya 100, hivyo maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva na hula kuni nyingi zaidi. Mpishi mwenye akili hujibu tatizo hilo kwa kuyabandika mapema. Yakiiva saa 8 mchana kwa ajili ya mlo wa saa 1 usiku, hukaa saa 5 katika sufuria kubwa, moto ukiwa umepunguzwa au umetolewa ili kuokoa kuni. Hapo ndipo hufanya kazi bakteria aitwaye Clostridium perfringens, ambaye huishi kwenye udongo na katika matumbo ya wanyama, na ambaye huweza kujifungia ndani ya spora, ganda gumu linalomwezesha kuvumilia kuchemka. Sufuria ikipoa polepole, spora hufunguka. Katika nyuzi joto 43 hadi 45 bakteria huyu anaweza kugawanyika mara mbili kila dakika 10 hivi, na hesabu ya kawaida yaonyesha kwamba mmoja akiendelea hivyo kwa saa 3 huwa zaidi ya 260,000. Mlaji hapati ladha wala harufu yoyote ya kumwonya. Tumbo humsokota, naye huharisha, baada ya saa 6 hadi 24, wakati ambapo sufuria imeshaoshwa na ushahidi umemwagwa.

Wakazi wengi wa Rungwe huamini kwamba baridi ya kwao ni friji ya bure, na kwa sahani moja iliyoachwa dirishani mwezi wa Julai imani hiyo ina ukweli wake. Kwa sufuria ya lita 100 haina. Baridi hugusa kingo na uso wa mchuzi, lakini kitovu cha rojo hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, kikiwa ndani ya kile ambacho wataalamu hukiita ukanda wa hatari, yaani kati ya nyuzi joto 5 na 60, ambamo bakteria wengi huzaliana. Kwa sababu hiyo kiporo cha nyumbani na kiporo cha bweni, ingawa vina jina moja, ni vitu viwili tofauti: cha kwanza ni bakuli linalopoa ndani ya saa moja, cha pili ni pipa linalotunza joto lake usiku kucha, kisha asubuhi huchanganywa na chakula kipya ili kisipotee. Wali una mtego wake mwingine, kwa kuwa bakteria aitwaye Bacillus cereus huweza kuacha humo sumu isiyoharibiwa na moto, na kupasha upya, ambako wapishi wengi hukuamini, hakusaidii chochote.

Tiba ya hatari hii ya saa si ya gharama. Kipimajoto kirefu cha kuchoma ndani ya chakula, sufuria pana zisizo na kina za kugawia chakula kinachobaki, na kanuni kwamba kilichoiva kisikae zaidi ya saa 2 bila moto wa kukiweka juu ya nyuzi joto 60. Serikali imekwisha kuzielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa, na ingawa agizo hilo hutetewa zaidi kwa hoja ya misitu na moshi, faida yake kwa usalama wa chakula haitajwi inavyostahili: moto wa gesi unaweza kushushwa ukabaki mdogo, na mpishi halazimiki kuchagua kati ya kuni za kesho na chakula cha leo.

Nyuma ya jiko kuna stoo, na hapo saa huhesabiwa kwa miezi. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mikoa mingi ya Tanzania haikioni, na magunia ya mahindi yaliyolazwa sakafuni au kuegemezwa ukutani hunyonya unyevu huo. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na fangasi, yaani kuvu, katika nafaka, na aina yake mbaya zaidi, aflatoksini, haiondolewi kwa kusonga ugali. Mwaka 2016 ugonjwa uliotokana nayo uliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Ni kweli kwamba kuvu wa aflatoksini hupendelea joto kuliko baridi ya milima, na kwamba mahindi yaliyovunwa nyanda za juu zenye unyevu huandamwa zaidi na kuvu wa jamii ya Fusarium wenye sumu zao nyingine. Lakini mzabuni wa shule hununua penye bei nafuu, na gunia halisemi lilikotoka. Mkaguzi anayehesabu machaga chini ya magunia na asiulize risiti za mzabuni amekagua nusu ya stoo.

Kuhusu vyeti vya wapishi, historia ya New York inafundisha mipaka yake. Mpishi Mary Mallon alitambuliwa mwaka 1907 kuwa alibeba vimelea vya homa ya matumbo bila kuugua mwenyewe, akatengwa, akaachiwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena, na mwaka 1915 akakutwa kwa jina jingine katika jiko la hospitali ya akina mama, ambamo watu 25 waliambukizwa. Kinyesi cha mbebaji wa aina hiyo kinaweza kukosa vimelea siku ya kupimwa na kuwa navyo wiki inayofuata. Cheti, kwa hiyo, kinasema habari za siku moja, na kazi ya siku 180 zinazobaki hufanywa na sabuni.

Kinachopungua wilayani Rungwe si sheria, bali ni ukaguzi unaofuata saa za chakula. Ziara ya kushtukiza inayofanyika saa 3 usiku, wakati sufuria za chakula cha jioni bado zina mabaki, ingeonyesha mengi kuliko ziara tano za saa 4 asubuhi. Hata hivyo wilaya ina halmashauri mbili, Rungwe na Busokelo, na barabara zake za vijijini huteleza wakati wa masika, hivyo haitarajiwi kwamba afisa afya atafika usiku katika kila kata. Lakini katika shule nyingi yuko tayari mtu aliyepo jikoni kila siku, naye ni kiranja wa chakula, mwanafunzi anayesimama stoo na mtunza stoo mahindi na maharage yakipimwa, kisha akatia sahihi daftarini kwamba kilo zimetimia. Daftari hilo lina safu ya tarehe, safu ya aina ya chakula na safu ya uzito. Safu mbili zaidi, ya saa chakula kilipoiva na ya nyuzi joto kilipopakuliwa, zingempa afisa afya kitu cha kusoma siku atakapofika.