Kiinua Mgongo na Malipo ya Uzeeni



Leo nitasema nanyi juu ya fedha ambayo watu wengi huichukia kabla ya kuijua, nayo ni ile inayokatwa katika mshahara kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya siku za uzee. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na kila mwaka naona jambo lile lile. Kijana aliyemaliza masomo yake akapata kazi hurudi kutuamkia, na katika mazungumzo hutoa karatasi ya mshahara, akatia kidole juu ya mstari mmoja, akauliza, "Shikamoo Mwalimu, na hizi wamenitoza kwa kosa gani?" Swali hili si la walimu peke yao. Lawahusu wachukuzi wa gati ya Kigoma, mabaharia, wauguzi, watu wa reli, wafanya kazi wa chumvi kule Uvinza. Na kwa njia nyingine lamhusu hata mvuvi wa Kibirizi asiye na tajiri wa kumkata chochote.

Wazee wetu walikuwa na akiba yao. Katika nchi ya juu ya Buha akiba ilikuwa ng'ombe. Huku pwani ya ziwa ilikuwa michikichi, mtumbwi, na watoto wengi. Akiba hizo zilitosha maadam mtu alikaa kwao. Shida ilianza alipotoka kwenda kufanya kazi ya mshahara mbali. Mnajua habari za manamba. Maelfu ya Waha walitoka mkoa huu kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro, wakifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30, na kadi ikijaa ndipo walipolipwa. Wengine walikaa huko miaka na miaka. Mtu akirudi kwao mgongo umechoka, alikuta ng'ombe wa baba yake wamekwisha gawanywa, na yule tajiri aliyemkatia mkonge hakuwa na deni naye tena. Katika siku za ukoloni malipo ya uzeeni ya kila mwezi yalikuwa ya watumishi wachache wa serikali. Mwenye kipande hakuwamo.

Mwaka 1964 serikali ilitunga sheria ya akiba ya wafanyakazi, na mfuko wake ukajulikana kwa herufi tatu, NPF. Tangu hapo kuweka akiba kukawa lazima: mfanyakazi atoe kidogo, na mwajiri naye atoe. Jambo hilo lilikuwa jema, walakini lilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. NPF ulimlipa mtu fedha zake zote mara moja, kisha ukaagana naye. Tena ikaja miaka ya 1980, ambayo bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 25 kila mwaka. Ninyi wanafunzi chukueni kalamu mfanye hesabu: bei zikipanda kwa asilimia 30 kila mwaka, kitu cha shilingi 100 leo kitauzwa zaidi ya shilingi 1,300 baada ya miaka 10. Basi mtu aliyeweka akiba kwa uaminifu tangu ujana alipewa fungu ambalo thamani yake ilikuwa imeyeyuka, na faida aliyoongezewa haikuweza kukimbizana na bei. Hakuibiwa na mtu, ila alipofika sokoni aliona mambo kama ya mtu aliyeibiwa.

Kwa sababu hiyo ililetwa sheria ya mwaka 1997 iliyougeuza mfuko ule kuwa NSSF, ambao humlipa mstaafu kila mwezi mpaka afe. Watumishi wa serikali walikuwa na mifuko yao mbalimbali, nayo ikaunganishwa mwaka 2018 kuwa mmoja, PSSSF. Sasa NSSF ni wa makampuni ya watu binafsi na wale wanaojiajiri, na PSSSF ni wa watumishi wa umma.

Nirudi kwa yule kijana na kidole chake. Akiwa mtumishi wa umma, katika kila shilingi 1,000 za mshahara wake hukatwa shilingi 50, na mwajiri wake hutia 150. Katika NSSF jumla ni ile ile 200, nayo kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu. Basi yule anayelalamika kwamba amekatwa 50, hatazami zile 150 zilizowekwa kwa ajili yake na mtu mwingine, maana hazikupita mkononi mwake.

Watu wengi hudhani kwamba fedha hizo zimelala mahali fulani, katika kibubu chenye jina la mwenyewe. Sivyo. Mfuko huu ni kama ziwa letu. Maji ya Malagarasi na ya Ruzizi huingia, na maji ya Lukuga hutoka kwenda Kongo. Hakuna awezaye kusema tone hili ni la mto gani. Michango ya wanaofanya kazi leo huingia, faida ya majumba na ya hatifungani huingia, na malipo ya wazee hutoka. Wenyeji wa Ujiji wajua yanayotokea maji yakitoka kuliko yanavyoingia. Katika miaka ya 1870 Lukuga ilikuwa imezibwa na matope na majani. Ilipofunguka, ziwa lilishuka, na maji yakaurudi nyuma mji. Leo mtu akisimama penye mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871, huona ufuko umekwenda mbali, ijapokuwa miaka hii ya karibuni ziwa limepanda tena.

Mfuko mmoja wa watumishi wa umma ulipata kushuka namna hiyo. Ulikuwa ukiwalipa wazee kwa ajili ya miaka waliyofanya kazi kabla ya 1999, ambayo hawakuichangia, kwa kuwa siku hizo serikali ndiyo iliyobeba mzigo huo. Wastaafu wakasubiri malipo yao kwa miezi mingi. Hata mwaka 2021 serikali ilikubali kulipa sehemu ya deni hilo kwa hatifungani ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Nasema haya ili mjue kwamba kuuliza habari za mfuko si utovu wa adabu. Mwanachama ana haki ya kuuliza.

Sasa tufanye hesabu yenyewe, ile ambayo watu wote huiita kikokotoo. Malipo ya uzeeni hayafuati jumla ya fedha ulizochanga. Hufuata mambo mawili: miezi uliyochangia, na mshahara wako wa miaka ya mwisho. Tuseme mwalimu amechanga miezi 360, yaani miaka 30, na wastani wa mshahara wake unaohesabiwa ni shilingi 1,160,000 kwa mwezi. Gawanya mshahara huo kwa 580, utapata 2,000. Maana yake kila mwezi mmoja aliochangia unamletea shilingi 2,000 za kila mwezi katika uzee wake. Zidisha kwa 360. Pensheni yake kamili ni shilingi 720,000.

Walakini hapewi zote kwa mwezi. Sehemu yake hulipwa mara moja siku anapostaafu, nayo ndiyo kiinua mgongo, au mkupuo. Juu ya sehemu hii yamekuwapo magomvi makubwa. Zamani wengine walipata nusu, wengine robo. Kanuni za mwaka 2018 zikataka wote wapate robo. Kelele zikawa nyingi hata Rais Magufuli akazisimamisha mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Mwezi wa Julai 2022 ikawekwa asilimia 33 kwa wote, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kuipandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa katika nusu, na 35 kwa wale wa robo.

Nami nawaombeni mtazame jambo ambalo katika magomvi hayo halikusemwa sana. Mwalimu wetu akichukua asilimia 40, mkupuo wake ni shilingi 43,200,000, na kila mwezi atapata 432,000. Akichukua 33, mkupuo ni 35,640,000, na kila mwezi 482,400. Basi kwa kuchukua zaidi ameongeza shilingi 7,560,000 mkononi, na amepoteza 50,400 kila mwezi. Gawanyeni ile ya kwanza kwa hii ya pili. Mtaona miezi 150 kamili, yaani miaka 12 na nusu. Mfuko humnunulia mstaafu miaka 12 na nusu ya sehemu aliyoiuza. Aliyestaafu na miaka 60 akafa kabla ya kufika 72 na nusu, amefanya biashara nzuri. Akiishi hata 85, kama wanavyoishi bibi zetu wengi wa huku, kila mwezi unaozidi ni hasara yake. Mimi kwa maoni yangu naona tumegombea mno mkupuo, na tukaisahau ile ya kila mwezi, ambayo haipandi yenyewe kila mara bei ya unga ipandapo, bali hungoja uamuzi wa wakubwa. Hapo ndipo pangefaa kelele zetu.

Lakini siwalaumu wanaotaka mkupuo. Mwalimu aliyekaa nyumba ya kupanga miaka 30 ahitaji paa.

Kutokana na hesabu hiyo mwaona njia za kuikuza pensheni. Ya kwanza ni miezi. Asiyefikisha miezi 180 hapati malipo ya kila mwezi hata kidogo. Hupewa fungu moja tu. Kwa hiyo anayeacha kazi katika mwezi wa 170 kwa hasira ya siku moja, angefaa afikiri mara mbili. Ya pili ni mshahara: kujiendeleza na kupanda cheo kabla ya miaka ile ya mwisho kuna faida kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa huinua thamani ya kila mwezi uliokwisha kuchangia, hata ile ya ujana. Ya tatu ni kuangalia kwamba mwajiri anapeleka fedha. Wako waajiri wanaokata bila kupeleka. Karatasi ya mshahara husema imekatwa, na kwenye mfuko hakuna kitu. Ulizeni taarifa yenu mfukoni angalau mara moja kwa mwaka, wala msingoje miaka 59.

Tena tunzeni karatasi. Katika mkoa wetu mtu mmoja aweza kuwa na majina matatu: la kuzaliwa, la ubatizo au la chuoni, na lile alilopewa na mwandishi wa kwanza aliyemwandika. Majina hayo yasipopatana katika cheti, kitambulisho cha taifa na kumbukumbu za kazini, taabu itawaangukia mjane na watoto.

Watu wa reli na wa meli wa Kigoma wanalijua jambo hili kuliko wengine. Walikuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na pensheni zao zilikuwa huko. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Nchi tatu zikagawana mali na madeni kwa mkataba wa mwaka 1984, kila nchi iwalipe watu wake. Hata hivyo wazee wa Tanzania wakafika mahakamani, na serikali ikapatana nao mwaka 2005. Hesabuni wenyewe: aliyekuwa na miaka 45 Jumuiya ilipovunjika, alikuwa na 73 siku ya mapatano. Na hata baada ya hapo wako waliosema wamepunjwa, wakaendelea kudai. Mzee aliyehifadhi barua yake ya kuajiriwa na ya kupandishwa cheo alikuwa na kitu cha kuweka mezani.

Nimemwahidi mvuvi wa Kibirizi neno. Yeye, na mkamuaji wa mawese wa Simbo, na mama muuza dagaa wa Ujiji, sheria haiwalazimishi. Lakini tangu mabadiliko ya 2018 NSSF ndio uliopewa kazi ya kuwapokea watu wanaojiajiri, nao waweza kuchanga kwa hiari. Zanzibar imekwenda mbele zaidi: tangu mwezi wa Aprili 2016 humlipa kila mzee wa miaka 70 pensheni ya kila mwezi, awe alichanga au hakuchanga. Ilianza na shilingi 20,000, na baadaye ikaongezwa. Bara hatuna hiyo. Mvuvi apata fedha giza la mwezi likiingia, na mbalamwezi ikija hana. Wala mwaka 2024 ziwa lilipofungwa tangu 15 Mei hata 15 Agosti ili samaki wazaliane, hakupata. Ndiyo maana mchango wa kila mwezi wamwia mgumu, na mimi sitamwambia kwamba ni rahisi. Njia ifaayo ni kutoa wakati wa mavuno ya dagaa, na kulipia miezi ya mbele kwa pamoja ikiwa mfuko waruhusu. Aende aulize afisi yao ya Kigoma mjini, na kabla ya kuondoka apewe stakabadhi.

Na wewe mtumishi mwenye shamba nyumbani, usingoje mkupuo ndipo uanze kulima. Mchikichi wa mbegu mpya ya tenera, ile inayokuzwa katika kituo cha Kihinga, huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Ukiupanda una miaka 56, utakuwa ukizaa siku utakapokabidhi chaki.

Kwaherini.