Kuchagua Wachezaji wa Kriketi wa Taifa

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililopata kuwagombanisha watu wa nchi nzima, na mara moja hata kuvunja safari ya timu kutoka nchi moja kwenda nyingine: namna ya kuwachagua watu kumi na mmoja watakaocheza kriketi kwa jina la taifa lao.

Kwa wale ambao hawajauona mchezo huu, yatosha kusema hivi. Mchezaji wa timu moja hurusha mpira mgumu wa ngozi, na mtu wa timu ya pili husimama mbele ya vijiti vitatu akivilinda kwa gongo bapa la mti. Akiupiga mpira hukimbia, na mikimbio yake huhesabiwa. Mchezo mkubwa wa nchi kwa nchi, uitwao Testi, huchezwa kwa siku tano. Kwa hiyo yatakiwa watu wa kazi mbalimbali: wapigaji, warushaji wa kasi, warushaji wa kuuzungusha mpira, na mlinda vijiti. Asiyefaa hawezi kufichwa siku tano.

Njia nyepesi ya kuchagua ni kutazama daftari la hesabu na kumchukua aliyepata mikimbio mingi. Wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo haki yenyewe. Lakini tumtazame Graeme Hick, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliyeanza kuichezea Uingereza katika Testi mwaka 1991. Katika maisha yake alipata mikimbio mia au zaidi mara 136 katika michezo ya daraja la kwanza, nao ni watu wachache mno duniani waliofika hapo. Walakini katika Testi 65 alizocheza, wastani wake ulikuwa 31 tu. Mwenzake, Mark Ramprakash, alipata mia mara 114, na wastani wake katika Testi ulikuwa 27 tu. Hatusemi kwamba watu hawa hawakuwa hodari. Twasema kwamba hesabu ya michezo ya majimbo haikuonyesha yatakayotokea mbele ya warushaji wakali kupita wale waliozoeleka nyumbani.

Sasa tazameni njia ya pili. Mwaka 1999 Duncan Fletcher, naye mzaliwa wa nchi ile ile ya Hick, alikuwa mwalimu wa timu ya Glamorgan. Siku moja kijana wa Somerset, Marcus Trescothick, aliwapiga warushaji wa Fletcher mikimbio 167. Hesabu za kijana huyo kwa miaka yote zilikuwa za kawaida, wala hazikumtangulia kwa sifa. Fletcher hakulitazama daftari. Alitazama jinsi anavyosimama, asivyoihofu kasi ya mpira, na anavyotulia wenzake wanapotolewa. Baadaye Fletcher akafanywa mwalimu wa Uingereza, na mwaka 2000 Trescothick akaingia katika timu. Alicheza Testi 76 kwa wastani wa karibu 44. Michael Vaughan naye aliingizwa namna hiyo. Katika Testi yake ya kwanza, mjini Johannesburg mwaka 1999, Uingereza ilikuwa imetolewa watu wanne kwa mikimbio miwili tu, naye akacheza kana kwamba hakuna lililotokea. Mwaka 2005 ndiye aliyekuwa kapteni walipowashinda Australia. Basi mteuzi hana budi kutoka ofisini, aende akakae uwanjani, hata siku ya mvua na baridi, na huko Uingereza siku hizo si haba.

Tena, mtu akisha kuchaguliwa, apewe muda. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwaka 1988 Uingereza ilikuwa na makapteni wanne katika michezo mitano dhidi ya West Indies. Mwaka uliofuata, katika michezo sita dhidi ya Australia, iliwatumia wachezaji 29, na Australia iliwatumia 12 tu. Mara zote mbili Uingereza ilishindwa michezo minne bila kushinda hata mmoja. Ni kweli kwamba wengine waliumia, na kwamba timu inayoshindwa hubadilishwa zaidi ya inayoshinda. Hata hivyo, mchezaji ajuaye kwamba kosa moja litamrudisha nyumbani Jumatatu huacha kuutazama mpira, akawatazama wateuzi.

Tumefika sasa penye jambo zito. Basil D'Oliveira alizaliwa Cape Town mwaka 1931. Alikuwa mpigaji hodari sana, lakini sheria za Afrika ya Kusini za wakati huo zilimwandika katika jamii iliyoitwa ya watu wa rangi, na timu ya taifa ilikuwa ya Wazungu watupu. Hapakuwa na mteuzi aliyeruhusiwa hata kumfikiri. Akaandika barua kwa mtu asiyemjua, John Arlott, mtangazaji wa habari za kriketi katika redio ya Uingereza, akimwomba amtafutie mahali pa kucheza. Arlott angaliweza kuitupa barua ile. Hakuitupa. Mwaka 1960 D'Oliveira akapata kazi ya kuichezea klabu ya Middleton, katika Lancashire, na mwaka 1966 akavaa kofia ya Uingereza.

Mwaka 1968 timu ya Uingereza ilikuwa katika matengenezo ya kwenda Afrika ya Kusini, na kila mtu alikuwa akiuliza kama D'Oliveira atakuwamo. Mwezi wa Agosti aliitwa kucheza dhidi ya Australia mjini London, kwa sababu mwenzake alikuwa hawezi. Akapata mikimbio 158, na Uingereza ikashinda. Siku chache baadaye majina ya wasafiri yakasomwa, lake halikuwamo. Wateuzi walisema sababu ni ya mchezo tu: wamemhesabu kuwa mpigaji, na wapo wapigaji waliomzidi. Watu wengi hawakusadiki. Kisha, mwezi wa Septemba, mrushaji aitwaye Tom Cartwright akajitoa kwa kuwa ameumia, na mahali pake akatiwa D'Oliveira. Hapo hata mtoto wa shule angaliuliza: ikiwa huyu ni mpigaji tu, amewezaje kushika mahali pa mrushaji? Waziri Mkuu wa Afrika ya Kusini, John Vorster, akakataa kuipokea timu hiyo, na safari ikavunjwa. Baada ya mwaka 1970 nchi yake haikucheza Testi tena mpaka mwaka 1992.

Yaliyokuwa mioyoni mwa wateuzi wale hatuwezi kuyajua. Lakini twaona kwamba wateuzi wa taifa wapaswa kutoa sababu zao hadharani, tena sababu ambayo itasimama vile vile mwezi ujao. Wakiikalia nyuma ya mlango, watu watajitungia sababu yao wenyewe, na mara nyingi itakuwa mbaya zaidi.

Wako wasemao kwamba tangu ubaguzi ule uondolewe, Afrika ya Kusini imekosa kwa kuweka hesabu ya wachezaji weusi wanaotakiwa katika timu. Sisi twakubali kwamba hesabu iliyowekwa mezani pa wateuzi imechelewa. Kazi ilipasa kuanza viwanjani mwa watoto. Makhaya Ntini alikuwa mvulana mchunga ng'ombe katika kijiji cha Mdingi, na wafundishaji waliokuwa wakizunguka vijijini ndio waliomwona akirusha mpira, akapata shule yenye uwanja. Mwaka 1998 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea nchi hiyo Testi, na hata anaacha alikuwa amewatoa wapigaji 390. Lakini twauliza: pasipo kusukumwa, nani angalikwenda Mdingi?

Temba Bavuma, mzaliwa wa Langa, Cape Town, alisemwa sana kwamba ukapteni amepewa kwa sababu ya rangi. Mwezi wa Juni 2025, uwanjani Lord's, London, Afrika ya Kusini ilicheza na Australia kugombea ubingwa wa dunia wa Testi. Ilitakiwa ipate mikimbio 282 ili ishinde. Bavuma aliumia msuli wa paja, akakataa kutoka, akakimbia akichechemea mpaka akafika 66 pamoja na Aiden Markram, aliyepata 136. Wakashinda, wakiwa wametolewa watu watano tu.