Swichi Chache, Stima Zaidi: Maelezo kwa Wakulima na Mafundi wa Sola



Stima ya Olkaria, kule Naivasha, hutoka kwenye jenereta za mvuke ikiwa tayari ni mkondo geu wa mizunguko 50 kwa sekunde, kama ule unaofika nyumbani. Paneli ya sola hutoa mkondo mnyoofu, kama wa betri. Pampu ya kawaida ya kisima haiutumii mpaka inveta iubadilishe, na hapo ndipo wengi hupoteza stima waliyokwisha kuilipia. Inveta yenye ufanisi wa asilimia 90 ikipokea wati 1,000 hutoa 900, na 100 zinageuka joto. Ya asilimia 96 hupoteza 40 tu.

Inveta huunda wimbi la stima kwa kufungua na kufunga swichi, ikipanda na kushuka kwa ngazi. Anayelima mteremko wa Kuresoi ataelewa upesi: matuta mengi madogo hufuata umbo la kilima kuliko machache makubwa. Inveta nyingi za bei nafuu zina ngazi tatu pekee, yaani juu, sifuri na chini. Ndiyo maana mota ya pampu hunguruma na kupata moto.

Kuongeza ngazi kunasaidia, lakini muundo mmoja uliozoeleka hudai swichi 8 kwa ngazi 5, na 12 kwa ngazi 7. Kila swichi hula stima kidogo mkondo unapopita, hula tena inapofunguka na kufungika, na huhitaji saketi yake ya kuiendesha. Kwa hivyo wahandisi wamebuni miundo inayotoa ngazi 5 kwa swichi 6, hata 5. Katika baadhi yake mkondo hupita kwenye swichi 3 kwa wakati mmoja badala ya 4.

Si bure, lakini. Baadhi ya swichi zinazobaki hubeba volti zote peke yake, hivyo lazima ziwe imara zaidi. Afadhali hizo hufunguka polepole, kwa mwendo wa wimbi lenyewe, na hazipotezi mengi.

Mnunuzi basi asihesabu swichi. Amuulize fundi mwenye leseni ya EPRA ufanisi wa inveta ikibeba nusu ya mzigo, maana asubuhi ya mawingu paneli hazifikii nguvu zilizoandikwa nyuma yake.