Viza si Ruhusa ya Kukaa
(Mazungumzo na wazazi wenye watoto Marekani)



Ofisini kwetu swali linalorudi sana ni hili: "Viza yangu bado ina miezi, mbona naambiwa nimepitisha muda?" Mama mmoja alikwenda Marekani kumsaidia binti yake aliyejifungua. Akatazama viza, akaona ina mwaka mzima, akatulia akilea mjukuu. Kumbe siku zake zilikuwa zimekwisha. Aliporudi nyumbani na kutaka kwenda tena, ile viza ikawa haifai kitu. Mama wa watu hakudanganya mtu. Alisoma tarehe isiyo yake.

Viza hutolewa na ubalozi, pale Gigiri. Inakufikisha mlangoni ubishe hodi, basi. Tarehe yake ni mwisho wa kubisha hodi, wala haikuhakikishii kufunguliwa. Anayefungua ni afisa wa pale uwanja wa ndege, na ndiye anayesema ukae hadi lini. Mgeni wa matembezi kwa kawaida hupewa miezi 6. Siku ya mwisho huwekwa kwenye rekodi iitwayo I-94, ambayo siku hizi hutafutwa kwa kompyuta, kwa namba ya pasipoti. Hapo ndipo pa kutazama.

Kwa hivyo viza inaweza kuisha ukiwa ndani na usiwe na kosa, mradi I-94 haijaisha. Na hali yako ya uhamiaji si siku tu. Uliyeingia kama mgeni ukishika kazi ya kutunza wazee kwa malipo, umeivunja hata siku zikiwa zimebaki. (Tunajua hapa wako wanaotazamana!)

Adhabu si ndogo. Kwa sheria yao ya 1996, aliyepitisha zaidi ya siku 180 kisha akatoka, hufungiwa miaka 3. Akifikisha mwaka au zaidi, miaka 10. Miaka 10, jamani! Yule mjukuu uliyemwogesha atakuwa hakujui.

Ukiona mtoto anakuhitaji zaidi, omba kuongezewa muda kabla siku hazijaisha. Wenyewe hushauri angalau siku 45 mapema. Usingoje wiki ya mwisho, na usimwachie mkwe peke yake.

Sasa, waliokuja na pasipoti, hebu zitoeni tuzitazame pamoja.