Uboho Ukishindwa, Damu ya Jamaa Haitoshi



Ndani ya mifupa ya binadamu mna kiwanda kisicholala. Kiwanda hicho ni uboho, na kazi yake ni kutengeneza damu. Chembe nyekundu hubeba oksijeni. Chembe nyeupe hupigana na vijidudu vya maradhi. Chembe za kugandisha damu huziba majeraha. Kiwanda hicho kikisimama, zote tatu hupungua kwa pamoja. Hali hiyo ndiyo iitwayo anemia aplastiki. Ndiyo iliyomuua Marie Curie, mmoja wa wagunduzi wa radiamu, huko Ufaransa mwaka 1934.

Ugonjwa huu ni wa nadra, lakini hudanganya. Mgonjwa hupauka na kuchoka, akaambiwa ale mchicha na kumeza vidonge vya madini ya chuma. Chuma ni malighafi tu. Hakiwezi kufufua kiwanda kilichofungwa. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye viganja vyeupe, homa za mara kwa mara, na fizi au pua zinazotoka damu, asidhaniwe kuwa mvivu wala kuwa amerogwa. Apelekwe hospitali, damu yake ipimwe kwa ukamilifu, na ikibidi uboho wenyewe upimwe.

Mara nyingi chanzo ni askari wa mwili wenyewe kugeuka na kuushambulia uboho. Mara nyingine ni mionzi, benzini au dawa fulani. Tiba ni dawa za kuwatuliza askari hao, ama kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, hasa ndugu wa baba na mama mmoja. Kila ndugu wa namna hiyo ana nafasi moja katika nne ya kulingana na mgonjwa.

Hapo ndipo penye jambo zito. Jamaa hukimbilia kumtolea mgonjwa wao damu, na hiyo ni desturi njema. Lakini damu ya jamaa yaweza kuuzoeza mwili kuukataa uboho wa jamaa yule yule. Hivyo mgonjwa anayetazamiwa kupandikizwa huhitaji damu ya watu wasio wa nasaba yake. Tena chembe za kugandisha damu hazikai ghalani zaidi ya siku chache.

Basi benki ya damu isingoje msiba. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa damu kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya minne. Shule na ofisi zijiwekee zamu. Jamaa watunze uboho wao. Damu itolewe na taifa.